Mheshimiwa na Kengele ya Pili

Kwa miaka kumi na mitano nilimwandika mtu mmoja akisema maneno matatu yaleyale, na sikuwahi kuyakosea. Naunga mkono hoja. Nilikuwa mwandishi wa taarifa rasmi bungeni, mmoja wa wale wanaokaa chumba cha nyuma na hedifoni masikioni, wakiyaweka kwenye maandishi yote yanayosemwa ukumbini, neno kwa neno, pamoja na makofi, vicheko na kengele. Wabunge wengine walinitoa jasho. Yuko aliyeongea mbio kama anafukuzwa, yuko aliyemeza mwisho wa kila sentensi. Mheshimiwa wangu hakunipa shida hata siku moja. Nikisikia tu anavuta pumzi puani, vidole vimeshaanza: awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema.

Waandishi wapya walipoletwa kwangu kujifunza kazi, niliwapa siri moja ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Dakika ya kwanza, niliwaambia, pumzisheni mikono. Dakika ya kwanza ni ya shukrani, na shukrani zinajiandika zenyewe. Walicheka, wakaizoea, na walipohamia ofisi nyingine wakaenda nayo.

Namwita Mheshimiwa kwa sababu ndivyo alivyopenda. Hata mkewe alimwita hivyo, akimwita kuja kula. Alikuwa pia jirani yangu kule Ihumwa, ua kwa ua, mahali ambapo treni ikipita vikombe hugongana kabatini. Mchana nilimsikia kwenye hedifoni, jioni nilimsikia juu ya michongoma akimsifu mwenye kuku aliyeingia bustanini mwake. Naweza kusema bila kujigamba kwamba hakuna binadamu aliyeisikiliza sauti ile kuliko mimi, ukimtoa dada yake mkubwa, ambaye nitamfikia.

Alikuwa mtu wa upande wa serikali, na hakuwa upande huo kwa kificho. Hoja ikiletwa, aliiunga mkono. Ikifanyiwa marekebisho, aliunga mkono marekebisho. Ikirudishwa ilivyokuwa mwanzo, alipongeza busara ya kuirudisha. Siku moja nilimuuliza kwenye ua kama imewahi kutokea hoja hata moja ikamkaa kooni. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, mkono kidevuni.

"Iko moja," akasema. "Ile sikuielewa."

"Ukafanyaje?"

"Niliiunga mkono kwa asilimia tisini na tano."

Mkewe, mama mpole mwenye maneno ya chumvichumvi, alisema ugonjwa ule haukuishia ukumbini. Kuna mwaka alichoka na wageni wasiokwisha, akamwambia mumewe kwamba anafunga mizigo, anarudi kwao Singida akapumzike kwa mama yake. Mheshimiwa akamwambia ni wazo zuri, limekuja wakati muafaka, naye analiunga mkono. "Mizigo nikaifungua," mama akatuambia. "Utagombanaje na mtu ambaye ameshakubali?" Na kanisani, mchungaji alipotangaza kwamba ibada ya kwanza sasa itaanza saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja, kanisa zima liliguna. Yeye peke yake aligonga benchi kwa kiganja, mara tatu, kama afanyavyo bungeni.

Kiganja chenyewe kilikuwa na historia. Waheshimiwa hupiga meza wanapokubaliana na jambo, na yeye alikubaliana na mengi. Pete ya ndoa ilikuwa ikimuumiza, akaihamishia mkono wa kushoto, maana wa kulia, ule unaopiga, aliuita mkono wa chama. Katika kumbukumbu zangu huandikwa tu neno "Makofi" ndani ya mabano, bila kusema ya nani. Lakini mimi nilikuwa naujua mkono wake hata meza mia zikigongwa pamoja, kwa sababu ulianza kabla ya wenzake na ulikuwa wa mwisho kunyamaza.

Mtu akisoma haya atafikiri namweleza mjinga. Hakuwa mjinga. Aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu, akawa katibu wa chama wilayani, akawa mkuu wa wilaya mbali huko kusini, ndipo akarudi kwao kugombea ubunge. Alikuwa na nadharia yake, na aliieleza vizuri kuliko alivyoeleza kitu chochote bungeni. "Mama Mwandishi," aliniambia, maana ndilo jina alilonipa, "umewahi kuona jikoni nani anapata ukoko? Ni mtoto anayesema chakula cha mama kinanukia vizuri. Yule anayelalamika kwamba wali umechelewa anapewa mwiko wa kichwa. Mimi nataka ukoko wa watu wangu." Nikamwambia wali umeshapikwa mara nyingi sasa na sijaona ukoko. Akacheka, akasema asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru, akaenda zake kumwagilia mzabibu.

Mzabibu ule ulikuwa mmoja tu, ameuleta kutoka Makutupora ukiwa kijiti, akaujengea kichanja mbele ya baraza. Ulizaa matunda machache na machungu. Aliyagawa kwa majirani wote na kusimama hapo mpaka ule moja mbele yake na useme ni tamu. Tulisema ni tamu. Ukikaa karibu na mtu wa namna ile na wewe unajifunza kuunga mkono.

Ukumbini alikuwa mwana-kondoo, lakini nje ya ukumbi, kwenye korido na ofisi za watu, alikuwa kupe. Alibeba kwenye gari chupa ya plastiki yenye maji kutoka kijijini kwao, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Aliingia ofisini kwa ofisa, anaamkia, anauliza habari za watoto, anakunywa chai, na akishamaliza anaiweka ile chupa mezani bila neno. Ofisa anaitazama chupa. Yeye anamtazama ofisa. Wengine waliahidi wakiwa bado wanaitazama. Nilimuuliza kwa nini haingii nayo bungeni, nchi nzima ikaiona. Alishtuka kana kwamba nimemwambia aingie bila viatu. "Huko ni kuaibishana," akasema.

Miezi saba alikuwa naibu waziri. Sijui kama kuna miezi aliyotembea wima kama ile. Aliniamkia kila asubuhi kwa kuniita kwa jina la kazi yangu lote, kana kwamba na mimi nimeteuliwa. Halafu jioni moja tulikuwa nyumbani kwake tunakula, majirani kama kumi, kuku wameshakatwa, na taarifa ya habari ikasema uteuzi wake umetenguliwa. Ndivyo alivyojua, sisi na yeye kwa pamoja, kijiko kikiwa mkononi. Mkewe aliweka upawa chini taratibu. Mheshimiwa akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mamlaka imeona mbali," akasema. "Tuipongeze." Na akapiga meza. Hakuna aliyejua atazame wapi, basi na sisi tukapiga meza, sahani zikaruka.

Nilipotoka nilimkuta nje kwenye mzabibu, bomba linatiririka. Hakulia, lakini alikuwa amesahau kufunga. Maji yalijaa kwenye shimo la mzabibu, yakavuka, yakapita chini ya michongoma mpaka kwangu. Aliponiona ndipo akayaona na maji. Akafunga bomba haraka sana.

"Nyumbani wanachimba mchanga kwa mikono," akasema, "na mimi namwaga."

Hapo kwa mara ya kwanza nilimhurumia kweli, na nikaanza kumsikiliza kwa sikio lingine.

Kijiji chao kiko mbele ya Makutupora. Unaacha mashamba ya zabibu, unaacha lami, unafuata njia ya ng'ombe. Palikuwa na lambo pale, bwawa dogo la kukinga maji ya mvua, lililochimbwa zamani kwa ajili ya watu na mifugo. Mvua za miaka mingi zililijaza mchanga mpaka likawa uwanja ambao mbuzi wanalala. Kiangazi kikikaza, wanawake huingia korongoni na kuchimba kwenye mchanga mpaka wapate maji ya kuchota kwa kikombe. Miongoni mwao alikuwa dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea na kumsomesha, na hata mdogo wake alipokuwa mheshimiwa na gari lake, yeye aliendelea kushuka korongoni na ndoo. Alijengewa tenki la bati nyumbani. Akasema tenki zuri, lakini haliwezi kunywesha ng'ombe wa kijiji kizima, na yeye hawezi kunywa peke yake wenzake wanamtazama.

Alichotaka dada kilikuwa kimoja. Lambo lisemwe bungeni. Aliamini, na sidhani kama alikosea, kwamba jambo likisemwa pale, likaandikwa, litakuwa limetoka mikononi mwa watu wa korongoni na kuingia mikononi mwa mtu mwingine. Alikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila kikao cha bajeti aliiwasha asubuhi na kuizima jioni, akimsubiri mdogo wake aseme neno lile. Vipindi vitatu alisubiri.

Mheshimiwa alipoenda kijijini, swali lilikuwa linamsubiri getini.

"Nimekusikiliza mpaka betri zikaisha. Lambo sikulisikia."

"Nililisema, dada. Itakuwa redio ilikatika."

Mwaka uliofuata redio ilikatika tena. Na mwaka mwingine.

Sasa niseme jambo la kengele, maana ndilo lililomponza. Mbunge anapopewa nafasi huwa na dakika zake, kumi, na wasemaji wakiwa wengi zinakuwa tano. Zikikaribia kwisha inalia kengele ya kwanza, kumwonya. Ikilia ya pili, amemaliza, hata kama alikuwa katikati ya neno. Mheshimiwa alimshukuru Mungu. Akamshukuru na kumpongeza Rais, akaja kwa makamu, waziri mkuu, spika, naibu, wewe mwenyekiti uliyekalia kiti na unavyokitendea haki. Akashuka kwa waziri mwenye hoja, naibu wake, katibu mkuu, watendaji wote, kamati na mwenyekiti wa kamati, wapiga kura wake, na alipofika kwa "mke wangu mpenzi", kengele ya kwanza ililia. Hapo alikumbuka kwamba hajaisifu bajeti yenyewe. Aliisifu mbiombio. Kisha akakohoa, akageuza karatasi, na mimi nikausikia mgeuzo ule kwenye hedifoni, nikajua sasa anakuja kwenye lenyewe.

Nilimwambia. Msinione nilikaa kimya nikimcheka tu. Nilimwambia alete mchango wa maandishi kama wenzake, lambo likae kwenye karatasi. Akasema dada yake hasomi karatasi, anasikiliza redio. Nikamwambia aanze na lambo, amalizie na shukrani. Alinitazama kwa masikitiko ya mwalimu. "Unaingia nyumbani kwa mtu unaomba chumvi kabla hujabisha hodi?"

Ilipokaribia kura za maoni za kipindi chake cha nne, ndani ya chama akajitokeza mtu mdogo kwa umri aliyezunguka vijijini akiuliza swali moja tu: huyu mzee wenu amesema nini huko? Mheshimiwa hakutishika. Alikuja ofisini kwangu amevaa suti yake ya mikono mifupi, ananukia sabuni, akaomba kurasa zote alipotaja lambo. Alitaka akawasomee watu wake kwenye mkutano, na dada yake akiwa amekaa mbele. "Watajua wenyewe kama nililala," akasema.

Nilitafuta siku mbili. Nilipitia vipindi vyote vitatu. Nikapata mahali patano, na siku ya tatu nikamwita, nikamfungia mlango, nikampa asome mwenyewe. Pote patano palikuwa hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa nije kwenye suala la lambo la..."

(Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji)

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja."

Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Nilimwona anahesabu, mwalimu wa hesabu yule, na hesabu inakataa. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akimdanganya dada yake. Alikuwa ameliandaa lambo kila mwaka, analijua kwa moyo, analiota, na kila alipokaa chini akipigiwa meza na wenzake aliamini kwamba amelisema.

"Na mimi nilikuwa nalo," akasema. "Lilikuwa hapa." Akagusa mdomo.

"Najua, Mheshimiwa."

Akavuta kiti karibu. Akashusha sauti kama anayenong'ona msibani. "Mama Mwandishi, sisi ni majirani. Niongezee sentensi mbili. Mbili tu, ukurasa mmoja. Hakuna atakayedhurika. Si nilikuwa nataka kuzisema?"

Sikuwahi kuombwa jambo nikatamani kulitoa kama lile. Nilimwona akilini dada yake na redio yake. Lakini kazi ile ina kitu kimoja tu ndani yake, ukikitoa hakibaki kitu. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi naandika kilichotoka. Kilichobaki mdomoni sina ruhusa nacho."

Akasimama, akazipanga zile kurasa tano sawasawa, akanirudishia.

"Naunga mkono," akasema, na akatoka.

Kura za maoni alishindwa. Matokeo yalipotangazwa alikuwa wa kwanza kumkumbatia aliyemshinda, akasema demokrasia imekomaa. Miezi michache baadaye aliifunga nyumba ya Ihumwa, akarudi kijijini na mkewe. Mzabibu aliniachia mimi. Mpaka leo matunda yake ni machungu, na mpaka leo nasema ni matamu.

Nilistaafu. Siku hizi nasikia redio kama watu wengine, na wakianza kushukuru nakwenda kuangalia maharage. Kiangazi kilichopita simu ikaita.

"Mama Mwandishi, Jumamosi tuna mkutano mkuu wa kijiji. Anakuja ofisa mipango kutoka wilayani kuchukua vipaumbele. Njoo."

"Nije kukuandika?"

"Umestaafu wewe. Njoo unisikilize tu."

Nilikwenda. Mkutano ulikuwa uwanja wa shule, watu wamejaa, wazee mbele kwenye madawati, ng'ombe wanapita nyuma kwa vumbi lao. Alikuwa amepungua mwili, amevaa shati lisilopigwa pasi, na watu walimwita Mzee tu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha dada yake, bibi mwembamba aliyekaa chini amenyoosha miguu, redio pembeni yake imezimwa. "Mbukwenyi," bibi akanisalimu kwa Kigogo, halafu kwa Kiswahili, "Wewe ndiye mwenye karatasi za huko?" Nikasema ndimi.

Mwenyekiti wa kijiji alitangaza dakika tatu kwa kila msemaji, na rimu la gari lililoning'inizwa mtini, ambalo ndilo kengele ya shule, litagongwa mara moja kuonya na mara ya pili kukomesha. Nilimtazama Mheshimiwa. Alikuwa analitazama rimu. Ofisa mipango akasimama, akasema waziwazi kwamba yeye atabeba kilichomo kwenye muhtasari. Kisichoandikwa, akasema, sitakikumbuka barabarani.

Muhtasari ulikuwa kwa mtendaji wa kijiji, mama wa makamo mwenye mwandiko mzuri, daftari limekaa pajani. Nilikaa nyuma yake. Mazoea ni kitu kibaya, mikono yangu ilikuwa inawasha.

Walisema wengi, barabara, zahanati, fisi. Kisha mwenyekiti akamwita Mzee. Akasimama, akavuta pumzi puani kwa namna ile ninayoijua, na masikio yangu yakajiandaa kumsikia Mwenyezi Mungu.

"Lambo," akasema.

Dada yake akainua kichwa.

"Lambo letu limejaa mchanga. Ng'ombe wanatembea kutwa kwenda kunywa na kutwa kurudi, wakifika wana kiu ileile. Wanawake wanachimba korongoni kwa mikono. Dada yangu yule pale, mtazameni kucha. Tunaomba mchanga utolewe na tuta linyanyuliwe. Kazi ya mikono tutafanya wenyewe, mashine hatuna. Haya nilitakiwa kuyasema zamani, mahali pengine. Sikuyasema. Nisameheni."

Nimeandika hotuba za watu wakubwa, na sijawahi kusikia iliyokuwa fupi na kamili kama ile.

"Nimemaliza," akasema.

Mwenyekiti akatazama saa. "Mzee, muda wako bado upo. Hata ya kwanza haijalia."

Mheshimiwa akabaki amesimama, mikono haijui pa kukaa. Maisha yake yote hakuwahi kubakiwa na dakika. Alilitazama rimu, akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Akafunga kifungo cha shati. "Basi kwa kuwa muda upo," akasema, "nimshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema." Na akaanza. Akashukuru kutoka juu kabisa mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, mpaka kwa ofisa mipango na dereva wake, mpaka kwa "mke wangu mpenzi", watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na rimu lilipogongwa mara ya pili akasema anaunga mkono hoja, ingawa hakukuwa na hoja yoyote. Alikaa chini akiwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Nikacheka na mimi, machozi yananitoka. Halafu nikainama juu ya bega la mtendaji kuona lilivyokaa kwenye daftari. Kicheko kikaniishia. Aliandika: Mzee aliwashukuru viongozi wa ngazi zote na kuunga mkono hoja.

"Mwanangu," nikamwambia, "lambo liko wapi?"

"Lambo lipi, mama?"

"Si ndilo alilosema kwanza?"

Akaona haya. "Mama, mwanzoni huwa wanashukuru tu. Tulifundishwa kwenye semina, dakika ya kwanza upumzishe mkono. Alitufundisha mama mmoja aliyewahi kufanya kazi bungeni."

Sikumuuliza mama yupi. Yeyote yule, alipitia kwangu.

Ofisa alikuwa ameshasimama, anataka nakala aitie mkobani, dereva amewasha gari. Mtendaji akashika kalamu, akasita. "Siruhusiwi kuongeza, mama. Mkutano umefungwa."

"Usiongeze," nikamwambia. "Andika kilichotoka."

Nikamtajia. Neno kwa neno, kama lilivyotoka, na kucha, na tuta, na nisameheni. Alifuta mstari wake akaandika upya, kwenye daftari na kwenye nakala, na wazee wa mbele walikuwa wanaitikia kwa kichwa kila sentensi kushuhudia kwamba ndivyo. Mheshimiwa alikuwa amesimama karibu. Aliisikia sauti yangu ikirudia maneno yake, na alijua kwamba namlipa zile sentensi mbili nilizomnyima.

Dada yake akajivuta, akasimama kwa kushika dawati. "Limeandikwa?"

"Limeandikwa, mama."

"Nionyesheni."

Nikauchukua mkono wake, nikakiweka kidole juu ya neno. Kidole kilikuwa kigumu, ukucha umelika mpaka kwenye nyama. Akalipapasa, mwanzo wake mpaka mwisho wake, akarudia.

"Ni hili tu?"

"Ndilo hilo."

"Fupi hivi?" Akageuka kumtazama mdogo wake. "Miaka yote ile, redio ilikuwa inakatika kwa neno fupi hivi?"

Ofisa alinyoosha mkono kuchukua karatasi yake, ikabidi asubiri kidogo, kwa sababu kidole cha bibi kilikuwa bado kiko juu ya neno.